Weupe wa Sembe na Unyevu wa Mahindi

Kila msimu wa mavuno ukikaribia kwisha, habari za mahindi nchini Tanzania huhesabiwa kwa tani. Kwa hesabu hiyo hatuna la kulalamikia. Nchi inavuna zaidi ya tani milioni 6 za mahindi kwa mwaka, inajilisha yenyewe miaka mingi, na mwaka 2024, ukame ulipoyaunguza mashamba ya Zambia, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, uliingia mkataba wa kuiuzia nchi hiyo tani 650,000. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haisomwi pamoja na ile ya tani. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni Iringa, kwa asilimia 57. Njombe na Rukwa iliufuata, kila mmoja ukiwa na takriban asilimia 50. Hii ndiyo mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inayoilisha nchi, ile ambayo malori yake yanashusha magunia Dar es Salaam, mji usio na shamba la mahindi la kutajwa na ambao kiwango chake cha udumavu hakifiki asilimia 20.

Udumavu una sababu nyingi, na si haki kuutwisha unga wote. Mama anayeshinda shambani hana nafasi ya kumpikia mtoto mara nne kwa siku. Maji machafu huleta kuhara. Familia inayouza maharage na mayai ili ipate ada hubaki na ugali mtupu. Takwimu za Iringa hazithibitishi kwamba mahindi ndiyo yanayodumaza watoto. Zinathibitisha jambo dogo zaidi lakini zito: wingi wa magunia si kipimo cha chakula. Kati ya gunia na mtoto kuna safari, na katika safari hiyo tunapoteza mengi. Ninachodai ni kwamba upotevu huo una mzizi mmoja. Soko letu la mahindi, kuanzia shambani mpaka mashineni, linalipia ujazo na halilipii ubora, na kila hatua ya safari hiyo imejipanga kuufuata ukweli huo.

Tuanze na jua. Mahindi yakipukuchuliwa mapema huwa na unyevu wa asilimia 18 au zaidi. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka mahindi ya biashara yasizidi asilimia 13.5, kwa sababu juu ya hapo kuvu hustawi. Mkulima akitandika turubai, akayaanika, akayageuza kwa siku kadhaa huku akiyaangalia yasiliwe na kuku wala kunyeshewa, kilo zake 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zitabaki kama kilo 95 zikifikia 13.5. Kilo 5 zimekwenda na upepo. Hakuibiwa, ni maji yaliyotoka. Lakini mnunuzi anayekuja na lori anatoa bei ileile kwa kila kilo, au bei ileile kwa kila debe, kwa mahindi makavu na mabichi. Kwa hiyo aliyeanika amefanya kazi ya siku kadhaa na mwisho wake amejipunguzia fedha. Aliyeuza mabichi amelipwa maji kwa bei ya mahindi. Watu husema wakulima wetu hawana elimu ya kukausha. Wanayo. Wanajua pia kupiga hesabu, na hesabu inawaambia wasikaushe.

Biashara ikifanywa kwa gunia mambo huwa mabaya zaidi. Gunia la kawaida huchukua debe 6. Likishonewa kilemba cha ziada kwa kamba linageuka lumbesa, debe 7 au zaidi, na bei inabaki ya gunia moja. Mkulima anayejua kwamba atapunjwa debe nzima hana moyo wa kumtafutia mnunuzi wake punje safi; huacha makapi, huacha punje zilizovunjika, na kwa kuwa mnunuzi haangalii ndani, zote hupita. Lumbesa kwa kawaida inajadiliwa kama dhuluma ya vipimo, nayo ni dhuluma kweli. Ila madhara yake ya pili ni makubwa kuliko ya kwanza: imewafundisha watu wa pande zote mbili kwamba kilichomo ndani ya gunia si hoja.

Na kilichomo ndani ndicho kinachoua. Kuvu aina ya Aspergillus huishi kwenye udongo, huuingia mhindi shambani hasa mmea ukiwa umeteswa na ukame, kisha huzaana ghalani mahindi yakipata joto na unyevu. Hutengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini, ambayo haina rangi, haina harufu, haina ladha, na haifi kwa moto wa jikoni. Ugali uliosongwa barabara una sumu ileile iliyokuwa kwenye unga. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: wagonjwa 68 katika Dodoma na Manyara, wakafa 20. Hao ndio waliokula kiasi kikubwa kwa mpigo. Wanaokula kidogo kidogo miaka yote hawaandikwi kwenye taarifa ya mlipuko wowote. Baadhi yao hujitokeza baadaye, na saratani ya ini. Kuna pia ndugu wa aflatoksini, fumonisini, ambayo pia hutoka kwenye kuvu la mahindi. Utafiti uliofanywa Tarakea, wilayani Rombo, na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba watoto waliokuwa wakipewa fumonisini kupita kiwango kupitia uji, walipotimiza mwaka mmoja, walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao.

Mtu anaweza kusema kwamba Dodoma ni nchi kavu, jua linawaka mwaka mzima, na kwa hiyo hadithi ya unyevu haielezi vifo vya 2016. Ni hoja yenye uzito. Ukame ndio ulioanza kazi huko: mhindi wenye kiu hupasuka, wadudu hutoboa, kuvu hupata mlango. Ndiyo maana kuna dawa ya kuvu isiyo na sumu, Aflasafe, iliyosajiliwa Tanzania mwaka 2018, inayomwagwa shambani ili kuvu wema wawanyime nafasi wabaya. Lakini kuvu aliyeingia shambani huongezeka au husimama kutegemea tunachofanya baada ya hapo. Mahindi yanayorundikwa juu ya udongo, yanayopurwa kwa fimbo ndani ya gunia mpaka punje zinapasuka, yanayowekwa ndani yakiwa bado na joto la shamba, humpa kuvu kila anachohitaji hata huko Dodoma. Ukame hatuwezi kuuzuia. Turubai tunaweza kulinunua, kama kuna atakayelipia kazi yake.

Kuhifadhi nako kuna mkasa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati aligunduliwa Tabora, akisaga mahindi ghalani kuwa vumbi. Wataalamu walimwita dumuzi. Wakulima walimpa jina la lori la Scania kwa ukali wake wa kula. Tangu hapo mkulima mdogo amekuwa na haraka ya kuuza kabla dumuzi hajafika, na haraka hiyo ndiyo inayojaza soko mahindi mabichi mwezi Juni na kuyamaliza mwezi Januari, wakati bei imepanda na yeye mwenyewe amegeuka mnunuzi. Mifuko ya PICS, yenye tabaka tatu na isiyopitisha hewa, inamuua dumuzi bila dawa yoyote kwa sababu mdudu hukosa pumzi. Ina sharti moja tu: mahindi yaingie yakiwa makavu. Yakiingia na unyevu, mfuko unaoziba vizuri utaozesha vizuri. Tumerudi palepale.

Sasa tuende mashineni, maana huko ndiko kosa la shambani linakofichwa. Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam ni kati ya maeneo yanayojulikana kwa mashine za sembe, na utaratibu wake hautofautiani sana na wa Mbeya au Mwanza. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo ili ganda lilainike. Humiminwa kwenye mashine ya kukoboa, bomba la chuma lenye mhimili unaozunguka ndani yake, na humo punje husuguana zenyewe kwa zenyewe na kwa chuma hadi ganda linachubuka na kiini kinang'oka. Pumba hutokea upande mmoja, za rangi ya udongo, laini, zenye mafuta mkononi. Punje zilizokobolewa hutokea upande wa pili zikiwa nyeupe. Mteja akitaka sembe namba moja, zinarudishwa kukobolewa tena. Ndipo huingia kwenye mashine ya kusaga, ambako nyundo za chuma huzipiga mpaka zipenye kwenye chekeche. Katika kila kilo 100 zilizoingia, pumba hutoka kama kilo 20 mpaka 30, kutegemea weupe anaotaka mwenye mzigo.

Mafuta yanayobaki mkononi ukishika pumba yanatoka kwenye kiini. Kiini ni sehemu ndogo ya punje, karibu sehemu moja ya kumi, lakini ndicho chenye karibu mafuta yote, protini iliyo bora kuliko ile ya sehemu nyeupe, na sehemu kubwa ya madini ya chuma na zinki na vitamini za kundi B. Ganda lina nyuzinyuzi. Kinachobaki baada ya kukoboa ni wanga hasa. Hiki ndicho tunachomlisha mtoto kama uji wa asubuhi na ugali wa jioni, na kile kingine chote tunakipakia kwenye viroba na kukiuza kwa wafugaji wa kuku na nguruwe. Sina ugomvi na wafugaji. Pumba ni chakula kizuri cha mifugo. Ninasema tu kwamba kuku wa Tanzania anakula sehemu ya mhindi iliyo bora kuliko anayopewa mtoto.

Mtetezi wa sembe ana jibu, na ni jibu zuri kuliko wanavyokiri wahubiri wa dona, yaani unga usiokobolewa. Sumukuvu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Kukoboa kunaondoa sehemu kubwa yake. Kwa hiyo, anasema, sembe ni kinga: mahindi yasiyojulikana yametoka wapi, yamelala wapi, ni salama zaidi yakikobolewa, na kumwambia mama wa Temeke ale dona la mahindi ya lumbesa ni kumwambia ale sumu kwa jina la vitamini. Ni kweli. Na ndiyo sababu kampeni za dona zinazoanzia jikoni zimekosea pa kuanzia. Lakini tuitazame hoja hiyo mpaka mwisho wake. Kama tunakoboa kwa sababu mahindi hayaaminiki, basi weupe wa sembe ni malipo tunayolipa kwa mahindi mabichi. Tunatupa robo ya chakula ili tuondoe kasoro ambayo siku nne za jua zingeizuia kwa kiasi kikubwa. Na sumu yenyewe haijaondoka nyumbani. Imehamia kwenye pumba, pumba zimekwenda zizini, na ng'ombe akila aflatoksini sehemu yake hutokea kwenye maziwa. Maziwa hayo hunywewa na mtoto yuleyule.

Kuna pia anayesema watu wanapenda sembe tu, wala hawajui habari za sumu. Ladha ni jambo la heshima na sitaki kuidharau. Bibi zetu walikoboa mahindi kwa mchi kwenye kinu kabla mashine yoyote haijafika, wakapepeta kwenye ungo, kwa kuwa unga mweupe huiva haraka, hulainika na haugandi kooni. Ila upendeleo huu ulikuzwa pia na serikali na viwanda. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda vikubwa vya kusaga vilitaifishwa na kuwekwa chini ya Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, baada ya ukame uliolazimisha nchi kuagiza nafaka nje kwa wingi, NMC ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na sembe ikauzwa mijini kwa ruzuku. Mtu wa mjini alipata sembe nyeupe kwa bei nafuu, na wanaokumbuka miaka ya shida wanakumbuka kinyume chake: unga wa njano wa msaada kutoka Marekani, ulioitwa yanga. Weupe ukawa alama ya maisha ya kawaida, rangi nyingine ikawa alama ya njaa. Ruzuku ya sembe ilifutwa mwaka 1984, lakini tabia iliyojengwa kwa miaka kumi haikufutwa pamoja nayo.

Bei moja ya NMC ilikuwa na matokeo mengine ambayo bado tunaishi nayo. Mkulima wa Sumbawanga alilipwa sawa na wa Morogoro, gharama ya lori ikabebwa na shirika, na hivyo ndivyo mikoa ya Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa ilivyogeuka ghala la taifa. Kwa mkulima wa pembezoni ilikuwa haki aliyostahili siku nyingi. Kwa shirika ilikuwa deni lisilolipika. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mtu kusafirisha hadi kilo 500 bila kibali, na mwaka 1987 ikaondoa kikomo chote. Wafanyabiashara waliokuwa wakiitwa walanguzi wakawa ndio soko lenyewe. Vinu vikubwa vilizorota, mashine ndogondogo zikachipuka kila kata. Mageuzi hayo yaliokoa mengi, sitaki kuyasimanga. Yalifungua bei na yakafungua barabara. Kilichosahauliwa ni kuweka mahali pa shirika lililoondoka mtu au chombo cha kupima kinachouzwa. Soko lilipewa uhuru wa kupanga bei bila kupewa macho ya kuona bidhaa.

Tangu hapo, serikali baada ya serikali imeyaangalia mahindi sehemu mbili: shambani, kwa mbolea ya ruzuku na mbegu, na mpakani, kwa vizuizi. Mwaka 2017 mahindi yalizuiwa kuuzwa nje, na wafanyabiashara wakahimizwa wasage wauze unga, pumba zibaki nchini. Wazo la kuuza unga lina mantiki. Ajira na pumba hubaki. Lakini nani angenunua? Unga unaouzwa Nairobi au Lubumbashi unashindana na unga wa viwanda vyenye vipimo vinavyofahamika. Mashine ya mtaani isiyojua unyevu wa mahindi yake haiwezi kutoa cheti cha unga wake. Kizuizi kilifungwa, unga haukujaza pengo, msimu uliofuata bei ya mahindi ikaanguka, na aliyeumia ni mkulima wa Rukwa na Ruvuma. Mwezi Machi 2021 tukapata somo kutoka upande wa pili. Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakalala mpakani, na baada ya siku chache ikayafungulia kwa masharti: wafanyabiashara wajiandikishe na mzigo uwe na cheti kwamba aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Wengi nchini waliisoma kama vita ya kibiashara. Huenda biashara ilikuwemo. Lakini mikrogramu 10 ni kiwango cha Jumuiya, nasi tumekikubali. Hatukuwa na sababu ya kungoja jirani atukumbushe.

Kwamba mkulima hubadilika pale ubora unapolipiwa halihitaji kubuniwa. Linaonekana kila mwaka kwenye vituo vya NFRA. Wakala huo hununua mahindi makavu na safi, hupima unyevu kabla ya kupima uzito, na mzigo usiofaa hurudishwa. Nenda kituo chochote Songea wakati wa ununuzi utaona wakulima wakiwa na chekeche na ungo wakipepeta mahindi yao wenyewe, wakichambua punje zilizooza, wakianika upya yaliyokataliwa. Ni wakulima walewale wanaosemwa hawana elimu. Wanafanya hivyo kwa sababu bei ya NFRA mara nyingi huizidi ya mchuuzi na kwa sababu mlangoni kuna kipima unyevu. Kasoro ni kwamba NFRA ni mnunuzi mmoja mwenye bajeti na maghala yenye mwisho, hata baada ya kujengewa vihenge vya kisasa kwa mkopo wa Poland huko Makambako, Babati, Sumbawanga na kwingineko. Sehemu kubwa ya mahindi ya nchi hayafiki mlangoni pake. Yanapita kwa mchuuzi, kwa dalali, kwenye soko la Kibaigwa, Manzese, bila mtu yeyote kuuliza swali linaloulizwa Songea.

Pingamizi la mwisho ninalolichukulia kwa uzito ni la umaskini. Kipimo ni gharama, husemwa, na gharama hushuka chini hadi ianguke juu ya mwenye ekari mbili. Matajiri watakausha kwa mashine, maskini watakataliwa, na mashine ndogo za mtaani zitafungwa na wakubwa. Hatari hiyo ipo ikiwa kipimo kitaletwa kama adhabu. Ndiyo maana siungi mkono kuanza na kupiga marufuku, wala kuanza na maabara ya aflatoksini kila kijiji. Kipimo cha sumukuvu ni ghali na lazima kifanywe kwa sampuli iliyochukuliwa kitaalamu, kwa kuwa sumu hukaa kwenye punje chache na kukosekana kwenye nyingine. Kipimo cha unyevu ni cha sekunde chache, kwa kifaa kinachoshikwa mkononi. Hata bila kifaa kuna njia ya kijijini inayofanya kazi: weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Isipoganda huenda hujafika bado kwenye 13.5, lakini hatari ya karibu umeikwepa. Maskini hazuiwi na kipimo cha namna hii. Anazuiwa na soko lisilomlipa akikitumia.

Vilevile si kweli kwamba kuongeza virutubishi kwenye unga kutaziba pengo lote. Kanuni za kurutubisha vyakula zipo tangu mwaka 2011, na madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 vikiongezwa kwenye sembe ni jambo la kuungwa mkono kwa moyo wote. Kwa mjamzito asidi ya foliki ni kinga kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Lakini virutubishi vinawekwa kiwandani, na unga mwingi wa nchi hii husagwa kwenye mashine za mtaa na kijiji. Zaidi ya hayo, kuongeza chuma kwenye mahindi yenye sumukuvu ni kuyapa chuma mahindi yenye sumukuvu. Virutubishi vinarudisha sehemu ya tulichokiondoa. Havituambii kwa nini tulikiondoa.

Kazi ianzie kwenye mzani, basi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, tayari inaikataza lumbesa na Wakala wa Vipimo una mamlaka ya kuikamata. Halmashauri zinatoza ushuru wa mazao kwenye masoko na vizuizi vinavyopitisha mahindi. Sehemu ndogo ya ushuru huo inatosha kuweka kipima unyevu kando ya kila mzani wa soko la nafaka, na bango la bei lenye mistari miwili: bei ya mahindi ya asilimia 13.5 au chini, na bei ya yanayozidi. Tofauti kati ya mistari hiyo ikizidi zile kilo 5 zinazopotea juani, mkulima ataanika. Mwenye mashine anunue kwa mistari hiyohiyo, aandike kwenye kiroba kiwango cha unyevu wa mahindi aliyosaga, na vyama vya ushirika vinavyokusanya mazao ya stakabadhi ghalani vifanye hivyo mlangoni mwa ghala. Mahindi yakishaaminika, dona litajitetea lenyewe, na anayependa sembe ataila kwa ladha yake, wala si kwa woga.

Wakati hayo yanasubiriwa, wewe unayenunua unga una uwezo kidogo mkononi mwako. Pale inapowezekana nunua mahindi badala ya unga wa kiroba usio na jina. Yamwage kwenye ungo mchana, si usiku. Toa kila punje iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyotobolewa au iliyopasuka, maana sumu nyingi imo kwenye hizo chache. Na usiwape kuku wala ng'ombe, zichome. Yaanike tena hata kama muuzaji ameapa ni makavu, uyapime kwa chupa na chumvi, ndipo uyapeleke mashineni. Na ukifika huko, muulize mwenye mashine anapima vipi unyevu wa mahindi anayonunua. Wateja kumi wakimuuliza swali hilo kwa wiki moja, atakwenda kununua kipimo.